Mkalimani wa Mama Mkwe

Mi ni fundi wa magari, mtaa wa Buyenzi. Haya nayaandika kwenye daftari lilelile ninaloandikia magonjwa ya magari, ila nimeanza kutoka nyuma ili mambo yasichanganyike. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo sentensi ikichechemea mnisamehe. Nataka kueleza jinsi mama mkwe wangu alivyokwenda kwa daktari mara tatu, na mara mbili kati ya hizo akauficha ugonjwa wake, na jinsi mimi niliyekaa katikati yao nilivyomsaidia kuuficha. Sijui kama "kumsaidia" ndilo neno. Nitaandika nilivyoona, kisha nitasoma tena.

Leo ninapoandika yuko kwake Uvira, yuko hai. Tulipoteza miezi mitatu. Kama miezi hiyo ndiyo ingemponya au la, nitafika huko.

Kifaransa changu nimekiokota chini ya magari. Vile vitabu vinavyokuja na magari ya zamani vimeandikwa Kifaransa, na wateja wa ofisini wakikasirika, wanakasirika kwa Kifaransa. Najua kusema bomba limeziba, mkanda umekwisha, betri haishiki moto. Mtu akiniuliza habari za gari naweza kuongea naye asubuhi mpaka jioni. Akiniuliza habari za mwili wake naanza kutafuta spana. Lakini nyumbani kwangu hakuna mwingine anayekijua hata kidogo, basi wanasema baba anajua Kifaransa, na mi sikuwahi kuwakatalia. Hilo naliandika mwanzo kwa sababu nadhani ndilo kosa la kwanza, kama ni kosa.

Mke wangu ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alipojifungua mtoto wetu wa pili alipasuliwa, na mama yake akavuka kuja kumlea mzazi. Alikuja na beseni, vitenge viwili na chupa ya mawese. Akalala na mke wangu na watoto kwenye chumba cha ndani, mi nikahamia sebuleni. Ndivyo inavyofanyika.

Kwa watu wao, na kwetu pia si mbali sana, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hatushikani mikono. Yeye hali mbele yangu, nami sili mbele yake. Nikitokea uani akiwa ananawa miguu, narudi mlangoni nakohoa. Akiwa na neno la kuniambia, anampa binti yangu mkubwa, mwenye miaka saba, hata kama nimesimama palepale: "Ambia baba yako chakula kimeiva." Binti ananigeukia: "Baba, chakula kimeiva." Ananiita mukwe, mi namwita mama. Mtu wa mbali anaweza kudhani ni chuki. Ni heshima, na kwa miaka tisa sikuona ubaya wake. Nasikia ni mcheshi sana. Kicheko chake nilikijua kupitia ukuta.

Wiki ya tano baada ya uzazi alianguka karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Hakuungua. Alikaa chini kama mtu aliyeamua kukaa, mwiko bado uko mkononi, akasema ni moshi wa makaa umempa kizunguzungu. Mke wangu akasema apana, kuna kitu, mama amepauka, na mgongo unamuuma tangu siku aliyofika. Mke wangu mwenyewe alikatazwa kutembea kwa sababu ya mshono, na mtoto alikuwa hajatimiza arobaini. Kaka zake wote wako Congo. Nikabaki mimi.

Nilipendekeza twende kwa yule muuguzi wa mtaani kwetu, tunayeelewana naye kwa Kiswahili. Mke wangu akataka zahanati moja upande wa Cibitoke ambako alikuja daktari mgeni na kila mtu alikuwa anamsifu. Alikuwa anastahili sifa, na nitamwandika kwa haki. Alitoka mbali, upande wa magharibi wa Afrika, hakuwa na Kirundi wala Kiswahili, ila alikuwa anasimama kumpokea mgonjwa mlangoni. Kwa kawaida muuguzi mmoja, mwanamke wa Bwiza, ndiye anayemtafsiria. Siku hiyo muuguzi alikuwa kwenye chanjo za watoto. Daktari akaniuliza kama naongea Kifaransa. Nikasema ndiyo.

Kulikuwa na viti viwili mbele ya meza yake. Mama alikigeuza chake kikaelekea mlango. Mi nikageuza changu kikaelekea mizani. Daktari akabaki anaangalia mabega yetu. Labda alidhani ndiyo desturi, na kweli ndiyo desturi.

Akauliza anaumwa wapi. Nikaiuliza mizani: "Mama, anauliza unaumwa wapi." Mlango ukajibu: "Mwambie ni mugongo. Na kizunguzungu kidogo." Daktari akaangalia kadi ya uraia ya mama. Kadi hiyo inampunguzia mama miaka kama minane, kwa sababu ya kwanza ilipotea wakati wa kukimbia vita na aliyeandika ya pili alikisia tu kwa kumtazama usoni. Hilo nilikuwa nalijua, mke wangu huwa anamtania nalo. Sikuona kama ni la kumwambia daktari.

Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo nalisikia na lafudhi yake. Aliuliza kama bado ana *règles* zake.

Kwenye garaji *règle* ni kanuni, kipimo. Kuirekebisha mashine mpaka itulie tunaita reglaje. Gari iliyofanyiwa reglaje imekaa sawa, haitetemeki. Nilipolisikia neno hilo pale nilifurahi, kama mtu anayekutana na jirani yake ugenini. Nikamwambia mama: "Anauliza kama unafuata kanuni zake. Kama uko sawasawa."

Mama akafikiri kidogo. Nadhani alifikiri ni zile kanuni za hospitali, maji ya kuchemsha, chandarua. "Mwambie ninafuata," akasema.

Nikamgeukia daktari nikamjibu kwa Kifaransa: ndiyo daktari, anazo, na zimekaa sawa kabisa. Akaandika.

Wanawake wanaojua Kifaransa wameshaelewa. *Règles* ni siku za mwezi. Daktari aliuliza kama mama bado anaona siku zake, na mi nikasema anaziona, tena vizuri. Mama aliacha kuziona miaka mingi iliyopita. Na wakati huohuo, amekaa anaangalia mlango, alikuwa anatoka damu ambayo mwanamke wa umri wake hapaswi kutoka. Lakini kwenye karatasi ya daktari akawa mwanamke wa makamo, siku zake sawasawa, mgongo umechoka kwa kuinama. Alimpa vidonge vya maumivu na vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Kwa alichoambiwa, alitibu vizuri.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inasimama. Je, sikulijua lile neno? Nina mke. Nimeshika makaratasi yake ya kliniki kwa mimba mbili, na neno lile liko juu kabisa, kwenye mstari wa tarehe ya mwisho, na nilimwona muuguzi anajaza tarehe hapo. Macho yangu yalipita juu yake si mara moja. Siwezi kuapa kwamba sikulijua. Siwezi kuapa pia kwamba nililijua. Nadhani kuna vitu mtu anavijua halafu anaviacha mlangoni kama viatu, kwa sababu kuingia navyo mbele ya mama mkwe wake ni aibu. Lakini huenda naandika hivi ili nionekane mtu wa kufikiri sana, na ukweli ni kwamba nilikuwa mjinga tu. Naacha yote mawili.

Tulirudi kwa miguu mpaka kituo cha basi, mi mbele, yeye hatua kumi nyuma.

Mzazi ana vitambaa vyake, hilo kila mwenye nyumba anajua. Vinafuliwa, vinaanikwa uani, juu yake kinatandazwa kitenge ili jua livipate bila macho ya watu. Mama ndiye aliyekuwa anafua. Siku ya arobaini mke wangu alioga, akarudi kwenye sala, tukachinja kuku, majirani wakaja. Kesho yake nilitoka kuchukua fulana yangu kwenye kamba. Kitenge kilikuwa bado kiko pale, kimetandazwa vilevile. Nikasema ni vya mwisho. Wiki ikapita, kitenge kiko pale. Mke wangu anasali sala zote tano, namsikia, kwa hiyo damu yake imekwisha. Nyumbani kwangu kuna mwanamke mmoja anayesali, binti wa miaka saba, kitoto kichanga, na mama mkwe. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Asubuhi moja upepo wa ziwani ulikifunua kile kitenge. Nilikuwa nimesimama uani na mswaki mdomoni. Niliona. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na kuna mtu ndani. Nikageuka, nikatema povu, nikaenda kazini bila kunywa chai.

Sikumwambia mke wangu. Ningeanzaje? Kwamba nimehesabu vitambaa vya mama yake? Nilijiambia ni mambo ya wanawake na wanawake wawili wako humo ndani wanayajua. Nilijiambia pia kwamba daktari keshamuuliza. Hilo la pili ndilo linalonichosha, kwa sababu aliyejibu ni mimi.

Mwezi wa pili tulirudi kwa daktari. Muuguzi wa Bwiza alikuwa ameomba ruhusa, amefiwa na shangazi yake. Viti vilevile, mlango na mizani vilevile. Mama alikuwa amepungua, kitenge kinamzunguka mara mbili. Daktari hakupenda alichokiona. Alimbonyeza mgongo, akamwangalia ndani ya macho, akarudi kukaa, akanisogelea mimi. Akaongea polepole, kwa maneno mepesi, kama mtu anayemsemesha mtoto. Aliuliza kama kuna kitu kingine, chochote kile, hata kama mama anakiona ni kidogo.

Hiyo niliitafsiri vizuri. "Mama, anauliza kama kuna kitu kingine. Kitu chochote, hata kidogo."

Kwenye korido mtoto alikuwa analia na mtu anamwimbia.

"Mwambie ni hicho tu."

Nikamwambia daktari ni hicho tu.

Hapo hakuna neno la garaji la kusingizia. Nilikuwa najua. Damu niliiona kwa macho yangu, jua limewaka. Kinywa changu kilikuwa na maneno ya kutosha, *sang* ni neno ambalo hata mtoto analijua. Ila mama alikuwa amesema ni hicho tu, naye ndiye mwenye mwili, na mi nilikuwa pale kupitisha maneno yake, si kuongeza yangu. Hivyo ndivyo nilivyojitetea siku ile. Leo nikiisoma hoja hiyo naiona ina haki ndani yake. Ndiyo maana nashindwa kuitupa.

Cha ajabu ni kwamba kazi yangu ilinifundisha haya zamani. Mteja analeta gari imezima. Nauliza, mafuta ulitia wapi? Anasema kituoni. Kituoni siku hizi kuna foleni ya siku mbili, kila mtu ananunua kwenye bidoni, yaani madumu, kichochoroni, yamechanganywa na sijui nini, mi nayasikia kwa pua kabla hajafungua kifuniko. Bado anasema kituoni. Hana ubaya. Anaogopa nitasema ameiua gari mwenyewe, na labda mafuta yale alimuuzia shemeji yake. Namwacha. Natoa tangi, namwonyesha maji yaliyomo, tunaendelea.

Walio wagumu ni dereva na bosi wakija pamoja. Bosi anaeleza, dereva anaangalia matairi. Hapo fundi mwenye akili haulizi kitu. Anasema, bosi, nenda ukanywe chai pale kwa mama wa maandazi, ni nusu saa tu. Bosi akiondoka namgeukia dereva: "Haya kaka, uliigonga wapi?" Anacheka, anapiga magoti, ananionyesha chini kule. Fundi yeyote wa Buyenzi anaijua hiyo. Mi nimeifanya miaka ishirini. Na nilikaa kwenye kile kiti mara mbili bila kutambua kwamba pale bosi ni mimi.

Aliyetambua ni muuguzi. Mwezi wa tatu mama hakuweza tena kusimama kwenye foleni, nikamkalisha kwenye benchi nikasimama mimi. Zamu yetu ilipofika, yule muuguzi wa Bwiza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya sokoni, akaingia nyuma yetu na faili mkononi. Akatuona tulivyokaa, mmoja anaangalia mlango, mwingine mizani. Akasimama.

"Mama, huyu ni nani yako?"

"Ni mukwe wangu."

"Mukwe." Akatuzunguka akatuangalia vizuri. "Sasa mumekuja kutibiwa ao kuposa?"

Daktari akauliza amesema nini. Muuguzi akanigeukia mimi.

"We baba, toka kwanza. Enda umununulie mama maji."

Nikamwonyesha chupa, maji ninayo.

"Basi enda ununue ingine."

Nikatoka, nikanunua nyingine. Nikakaa kwenye benchi na chupa mbili, kila mkono na yake. Siwezi kusema nilikuwa na hofu. Nilikuwa naangalia bango la kunawa mikono, limechorwa hatua kwa hatua, nikawa nahesabu zile hatua, nikimaliza narudia. Nadhani nilirudia mara nyingi.

Muuguzi alipotoka hakuwa na utani tena. Alikuja karibu akashusha sauti.

"Ni nani alimwambia daktari kama mama bado anaona siku zake?"

"Ni mimi."

Aliniangalia. Nilingoja anitukane, ingekuwa haki. Akauliza tu: "Na miaka ya kwenye kadi?"

"Si yenyewe. Ongeza minane."

"Mm," akasema, akarudi ndani.

Baadaye alinieleza yaliyosemwa, kwa kiasi alichoona kinanifaa. Mama aliyasema yote kwa muda wa kuchemsha chai. Damu ilianza akiwa bado Uvira, kabla mjukuu hajazaliwa. Aliona ikizidi, akavuka hivyohivyo. Angesema anaumwa, wangemrudisha, na mtoto wake angebaki na mshono na kichanga na mume wa garaji. Halafu alifika akakuta nyumba ina vitambaa tayari kwenye kamba, akachanganya vyake na vya binti yake, akaona Mungu amempa mahali pa kujifichia. Muuguzi alimuuliza kwa nini hakumwambia hata daktari. Huyo muuguzi akasema jibu la mama lilimfanya ageukie dirisha asicheke mbele ya mgonjwa. Alinirudishia kama lilivyo:

"Nimwambie munganga kwa mudomo wa mukwe wangu? Heri mugongo."

Daktari mgeni aliandika barua ya hospitali kubwa siku hiyohiyo. Alinishika mkono kuniaga, akaomba radhi. Kwa lipi, sikuelewa. Labda na yeye alikuwa anahesabu miezi. Nilitaka kumwambia kosa halikuwa lake, lakini sentensi ilikuwa ndefu kuliko Kifaransa changu.

Kule hospitali mke wangu mwenyewe ndiye aliyekwenda na mama, kichanga mgongoni. Madaktari wa kule wanasema Kiswahili, hawakunihitaji. Walikata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa, tukangoja. Jibu lilipokuja lilikuwa kwamba ugonjwa ulianzia kwenye mlango wa kizazi na umeshavuka kwenda pembeni, kukata hakusaidii tena. Kilichobaki ni dawa za maumivu.

Mi nilikwenda siku moja peke yangu, nikamngoja daktari wa pale kwenye korido nikamuuliza. Kama tungejua miezi mitatu nyuma, ingekuwaje? Akasema, labda ingekuwa tofauti. Halafu akasema, ugonjwa kama huu haukuanza miezi mitatu nyuma. Nikiandika jibu la kwanza peke yake, nimemuua. Nikiandika la pili peke yake, niko safi. Aliyasema yote mawili, akiwa anatembea, na mi nayaandika yote mawili. Usingizi hayaniletei, lakini ndivyo alivyosema.

Jioni hiyo nikamwambia mke wangu kuhusu lile neno, na kuhusu upepo. Alikuwa anamvalisha mtoto. Hakugeuka. Akasema alikuwa anavijua vile vitambaa, alidhani ni vyake vya zamani mama anavirudia madoa yatoke. "Mi nalala naye chumba kimoja," akasema. Kisha akasema tena, polepole, kana kwamba anampa mtoto habari hiyo. Nilingoja nisikie kitu ndani yangu. Nilisikia njaa. Nikala, na chakula kilikuwa na ladha yake ya kila siku.

Mama akasema anataka kwenda kwake. Hakubembelezwa, kila mtu alielewa. Mke wangu na watoto wangemfuata wiki inayofuata, mi nimpeleke mpaka mpakani, kaka yake mdogo atampokea upande wa pili. Nilikuwa na gari ya mteja niliyokuwa nimeimaliza, mteja akanikubalia. Mama akakaa kiti cha nyuma, beseni limelala pembeni yake na mfuko wa dawa ndani. Tukapita barabara ya Gatumba.

Ndani ya gari watu wote wanaangalia upande mmoja. Nadhani hilo ndilo lililosaidia.

"Mukwe."

Hakuwa na binti yangu wa kumtuma. Nilishtuka kidogo, nikashika usukani vizuri. "Mama."

"Ule upepo."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa jikoni. Nilikuona na muswaki."

Lori lilikuwa mbele yetu limebeba mchanga. Sikulipita.

"Nikasema, Mungu asante, huyu ameona, sasa atasema yeye, mi sitasema." Akalishika beseni. "Haukusema."

"Sikusema, mama."

"Heshima," akasema.

Nimeliandika neno hilo na kulifuta na kuliandika tena, kwa sababu sijui alilisemaje. Huenda alikuwa ananisifu. Huenda alikuwa ananilaumu. Sauti ilikuwa ileile anayotumia kusema chakula kimeiva.

Basi nikamwambia la *règles*. Nilimwambia lote, kuanzia reglaje ya gari mpaka kwenye jibu nililompa daktari. Niliona ana haki ya kulijua, na labda nilitaka mtu mmoja anikasirikie. Halafu nikasikia kile kicheko, safari hii bila ukuta. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Kanuni," akasema. "Na mi nilisema ninafuata."

Nilimwangalia kwenye kioo. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mpakani wameweka kibanda cha afya, ndoo ya kunawia yenye bomba, na kijana aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Anakuelekezea kipimo cha homa kwenye paji la uso, halafu anakuuliza maswali ya kwenye karatasi. Mama alinawa. Alisimama mbele yake, amejishikilia kwenye mbao za kibanda. Nilikuwa pembeni yake na beseni, mfuko wa dawa uko juu, na bahasha kubwa ya hospitali imechomoza humo.

Kijana alimsemesha Kiswahili cha kwao. Kama ana homa. Apana. Kama ametapika, kama anaharisha. Apana. Kama kuna ugonjwa mwingine wowote.

Mama akanigeukia. Miaka tisa hakuwahi kuniangalia usoni, sasa akaniangalia, macho kwa macho, kwa utulivu kabisa. Kisha akamrudia kijana.

"Apana. Niko muzima."

Kijana akaandika. Akainua kichwa akaniona na beseni. "Baba, uko naye?"

"Niko naye."

"Ni kweli mama hana kitu?"

Bahasha ilikuwa karibu inagusa kidevu changu.

"Ni hivyo alivyosema," nikajibu.

Akampa karatasi yake. Kaka mdogo wa mama alikuwa ng'ambo ya kizuizi anatupungia. Mama akachukua beseni mikononi mwangu, vidole vyake vikapita juu ya vyangu, akalikaza kiunoni kama mtu anayekwenda sokoni.

"Huyu," akasema, akionyesha kibanda kwa kidevu, "hakuhitaji mukalimani."

Akavuka.